Pesa za shule ya Winooski: nani anaamua, zinatoka wapi, na mzazi aingilie wakati gani

Ukitaka shule ya mwanao iongeze mwalimu wa Kiingereza kwa watoto wageni, usisubiri kura ya Machi ya bajeti ya shule. Kufikia Machi karatasi imeshachapwa, ina jumla moja tu ya mamilioni ya dola, nawe unaulizwa ndiyo au hapana. Nafasi ya mwalimu yule ilikubaliwa au ilifutwa kati ya Novemba na Januari, kwenye vikao vya jioni ambavyo kwa kawaida viti vingi huwa vitupu.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeishi Winooski, jimbo la Vermont, mji ambao Wakongo, Wasomali wa jamii ya Wabantu na Warundi wengi wamefanya makao. Sehemu kubwa ya sheria nitakazozieleza ni za jimbo zima, kwa hiyo hata aliyepo Essex au South Burlington atafaidika. Tofauti kubwa ipo kwenye kura ya wasio raia, nayo nitaifikia.

Hatua ya 1: Jua nani ana mamlaka gani

Winooski ni mji mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 7,997 kwenye eneo lisilofika maili mbili za mraba. Wilaya yake ya shule nayo ni ndogo: wanafunzi takriban 800, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, wote kwenye kampasi moja.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba wilaya ya shule si idara ya halmashauri ya jiji. Ina bodi yake, bajeti yake na swali lake kwenye karatasi ya kura. Meya hana uwezo wa kuongeza au kupunguza walimu. Anayetoka Tanzania amezoea walimu kuajiriwa na serikali, ruzuku kushuka kutoka juu, na kamati ya shule kusimamia kidogo kinachofika. Anayetoka Kongo anakumbuka michango ya wazazi iliyoendelea kudaiwa hata baada ya elimu ya msingi kutangazwa bure mwaka 2019. Hapa mwajiri wa mwalimu ni wilaya yenyewe, na bodi ya wilaya inachaguliwa na wakazi.

Bodi hupitisha sera, huandaa bajeti ya kupeleka kwa wapiga kura, huajiri msimamizi mkuu wa shule na kumpima utendaji wake, na huingia mkataba na chama cha walimu. Msimamizi mkuu ndiye anayeendesha kazi za kila siku. Chini yake wapo walimu wakuu. Kwa nafasi za walimu, msimamizi mkuu hupendekeza jina na bodi huidhinisha. Mjumbe mmoja wa bodi, akiwa peke yake nyumbani kwake, hana amri yoyote. Mamlaka yapo pale wanapokaa kikao na kupiga kura.

Hilo lina maana yake unapokuwa na malalamiko. Mtoto akionewa kwenye basi, anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha msimamizi mkuu. Ukimkimbilia mjumbe wa bodi kwanza, mara nyingi atakurudisha ulikoruka, na si dharau. Huenda suala hilo likafika mbele ya bodi baadaye kama rufaa, na mtu aliyekwishasikia upande mmoja sebuleni kwako hataweza kulisikiliza. Ila malalamiko yakiwa ya sera au ya pesa (basi hakuna kabisa, wakalimani hawatoshi), bodi ndiyo mahali pake tangu mwanzo.

Juu ya wilaya kuna jimbo: Wakala wa Elimu wa Vermont, na Bunge lililoko Montpelier. Vermont ina watu karibu 650,000 tu lakini wilaya za shule zaidi ya 100, na nyingi huchangia msimamizi mkuu mmoja kupitia muungano wa usimamizi. Winooski ina wake.

Hatua ya 2: Fuata pesa kutoka chanzo chake

Hapa ndipo hata Wamarekani wenyewe hupotea. Katika sehemu kubwa ya Marekani, shule hutegemea kodi ya nyumba za mji wake, kwa hiyo mji wenye majumba ya kifahari hupata shule nzuri kwa kodi ndogo, na mji wa wapangaji hukamuliwa na bado shule yake huwa hafifu. Vermont ilikuwa hivyo mpaka tarehe 5 Februari 1997, Mahakama Kuu ya jimbo ilipoamua kesi ya Brigham dhidi ya Jimbo. Mahakama ilisema katiba ya Vermont inalitaka jimbo limpe kila mtoto nafasi ya elimu iliyo sawa kwa kiasi kikubwa, bila kujali utajiri wa mji anaoishi. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa Sheria ya 60. Miji tajiri ya watalii wa kuteleza kwenye theluji, Stowe ukiwa mmojawapo, ilichukia sana, kwa sababu kodi ya majumba yake ilianza kusomesha watoto wa miji mingine. Kwa maoni yangu ndiyo sheria muhimu kuliko zote kwa mji kama Winooski, na wengi wanaofaidika nayo hawajawahi kuisikia.

Tangu wakati huo pesa zote huingia kwenye chungu kimoja cha jimbo, Mfuko wa Elimu. Vyanzo vyake ni hivi: kodi ya elimu inayotozwa kwenye nyumba na ardhi jimbo zima, ambayo ndiyo sehemu kubwa, kodi yote ya mauzo, ile asilimia 6 unayolipa ukinunua simu au kochi, robo ya kodi ya hoteli na migahawa, theluthi ya kodi ya kununua gari, na faida ya bahati nasibu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba wewe mpangaji huchangii shule.

Nje ya mfuko huo zipo pesa za serikali ya shirikisho: Fungu la I kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, Fungu la III kwa wanaojifunza Kiingereza, na ruzuku ya watoto wenye ulemavu. Kila fungu lina kazi yake, na wilaya hairuhusiwi kulichota kwa kitu kingine. Ukisikia mtu anauliza kikaoni kwa nini pesa za Fungu la III zisitumike kutengeneza paa, jibu ni hilo.

Wilaya haipewi kiasi kilichopangwa na jimbo. Wapiga kura wa Winooski huamua watumie kiasi gani, na Mfuko wa Elimu hukilipa. Lakini kadiri matumizi kwa kila mwanafunzi yanavyopanda, ndivyo kiwango cha kodi cha wenye nyumba wanaoishi ndani ya nyumba zao kinavyopanda. Miji miwili inayotumia kiasi sawa kwa mwanafunzi hutozwa kiwango sawa, hata kama mmoja una majumba ya mamilioni na mwingine una vyumba vya kupanga.

Hatua ya 3: Fanya hesabu kwa mkono, mara moja tu

Chukua kalamu. Nambari hizi nimezichagua kwa sababu zinagawanyika vizuri. Za kweli ziko kwenye ripoti ya mwaka ya wilaya.

Tuseme bajeti nzima ni dola milioni 20. Ondoa mapato mengine, mfano ruzuku za shirikisho na malipo ya elimu maalumu, dola milioni 4. Zinabaki milioni 16. Gawanya kwa idadi ya wanafunzi waliopimwa kwa uzito (nitaeleza uzito hivi punde), tuseme 1,600. Unapata dola 10,000 kwa kila mmoja. Gawanya kwa kigawanyo ambacho Bunge hukitangaza kila mwaka kwa wilaya zote. Tukikichukua kuwa 10,000, kiwango ni dola 1.00 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 250,000 ingetozwa 2,500.

Kisha inakuja hatua inayowakasirisha watu. Bei za nyumba zimepanda kuliko vitabu vya jiji vinavyosema, kwa hiyo jimbo hurekebisha kwa uwiano wa tathmini (thamani ya vitabuni ikilinganishwa na bei ya soko), ulioandikwa kwenye ankara kwa herufi CLA. Ukiwa asilimia 80, gawanya 1.00 kwa 0.80: kiwango kinakuwa 1.25, na ankara inakuwa 3,125. Bodi haijaongeza hata senti moja hapo. Ndiyo maana mwaka mwingine bajeti hupanda kidogo na ankara hupanda sana, halafu bodi ndiyo inayotukanwa.

Mwenye nyumba analo la kufanya: ujaze fomu HS-122 kila mwaka kufikia siku ya kodi ya mapato mwezi wa Aprili, hata kama huna mapato ya kutangaza. Fomu hiyo ndiyo inayosema unaishi humo mwenyewe. Pamoja nayo jaza HI-144 inayoonyesha mapato ya kaya. Wenye kipato cha chini na cha kati hupunguziwa ankara. Zipo familia zetu zilizonunua nyumba na kulipa ankara kamili kwa sababu hakuna aliyewaambia habari za fomu hizi mbili.

Mpangaji naye asikilize. Nyumba ya kupangisha hutozwa kiwango kingine, kile cha majengo yasiyokaliwa na mwenyewe, na kiwango hicho huwekwa na jimbo, kimoja kwa wote, kabla ya kurekebishwa kwa CLA. Hakibadiliki kwa sababu Winooski ilisema ndiyo au hapana. Mwenye nyumba wako akikuambia amepandisha kodi ya pango kwa sababu mmeipitisha bajeti ya shule, anachanganya mambo: jumla ya matumizi ya jimbo zima inamgusa, kura yenu ya Machi peke yake karibu haimgusi. Mpangaji wa kipato cha chini anaweza kuomba nafuu yake kwa fomu RCC-146.

Hatua ya 4: Hakikisha mtoto wako amehesabiwa vizuri

Hatua hii haihitaji Kiingereza kizuri wala kusimama mbele za watu, na huenda ikaiingizia shule faida kuliko hotuba zote.

Sheria ya 127 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika kwenye bajeti za mwaka wa fedha 2025, ilibadilisha uzito wa wanafunzi. Kila mtoto ni 1. Anayejifunza Kiingereza huongezewa 2.49. Anayetoka kaya ya kipato cha chini huongezewa 1.03. Aliyeko darasa la 9 hadi 12 huongezewa 0.39. Jumlisha: kijana wa sekondari anayejifunza Kiingereza, kutoka kaya ya kipato cha chini, anahesabiwa 4.91. Rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 3 uone. Wanafunzi wa uzito wakipanda kutoka 1,600 hadi 1,700, matumizi kwa kila mmoja yanashuka hadi kama dola 9,400, na kiwango cha kodi kinashuka nayo, bila kumwondoa mwalimu hata mmoja. Au kiwango kinabaki palepale na shule inaongeza walimu.

Sasa tatizo. Vermont hulisha watoto wote shuleni bure, na sheria ya 2023 iliufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Ni jambo jema, ila tangu hapo mzazi haoni sababu ya kujaza fomu ya kutangaza mapato ya kaya inayokuja nyumbani mwanzo wa mwaka wa shule. Chakula si anapata? Fomu inaishia kwenye takataka, na mtoto wa kipato cha chini anahesabiwa kama asiye na hitaji hilo. Ijaze. Haiulizi hali yako ya uhamiaji. Kama huielewi, peleka shuleni uombe mkalimani. Shule inayopokea pesa za shirikisho inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bure, na mtoto wako asigeuzwe mkalimani wa mambo ya watu wazima.

Vilevile, usione aibu kujibu kweli dodoso la lugha inayozungumzwa nyumbani. Wapo wanaoandika Kiingereza wakidhani mtoto atawekwa darasa la wajinga. Matokeo yake mtoto anakosa msaada. Na shule nayo inakosa uzito wake. Idadi hutumika kwa wastani wa miaka miwili, kwa hiyo fomu ya leo inazaa matunda taratibu.

Hatua ya 5: Iandike kalenda ukutani

Mwaka wa fedha wa shule huanza tarehe 1 Julai, lakini safari yake huanza miezi tisa kabla.

Oktoba na Novemba, msimamizi mkuu hukusanya mahitaji na bodi hutoa mwelekeo: tuongeze, tubaki hapa, au tukate. Huu ndio wakati wako. Kufikia tarehe 1 Desemba kamishna wa kodi wa jimbo hutoa barua ya makadirio ya kodi ya elimu, ambayo magazeti huinukuu kwa vichwa vya kutisha. Desemba bodi hupitia rasimu, mara nyingine mbili au tatu. Sehemu kubwa ya pesa ni mishahara na bima ya afya ya wafanyakazi, na masharti ya bima hiyo hujadiliwa kwa jimbo zima, si Winooski. Pia yapo malipo ya mkopo wa ujenzi: mwaka 2019 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 57.8 za kukarabati na kupanua shule, na deni halipunguzwi kwa kubana matumizi ya penseli. Kwa hiyo fungu ambalo bodi inaweza kweli kulisogeza ni dogo kuliko linavyoonekana, na kila ombi jipya hushindana humo.

Januari bodi hupiga kura kupitisha bajeti itakayopelekwa kwa wananchi. Tangazo rasmi la kura lazima litoke siku zisizopungua 30 wala kuzidi 40 kabla ya kura. Likishatoka, jumla haibadiliki. Ndani ya siku 10 za mwisho hufanyika mkutano wa maelezo. Kura yenyewe ni Jumanne ya kwanza ya Machi.

Hatua ya 6: Sema kikaoni ili usikike

Sheria ya mikutano ya wazi ya Vermont inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 48 kabla, kumbukumbu zipatikane ndani ya siku tano, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Bodi inaweza kujifungia kujadili mambo kama nidhamu ya mfanyakazi au mkataba, lakini bajeti hujadiliwa mlango ukiwa wazi.

Mwandikie ofisi ya msimamizi mkuu siku kadhaa kabla ukiomba mkalimani wa Kiswahili, na useme kama ni Kiswahili cha Kongo au cha pwani. Mkalimani naye atashukuru. Dakika utakazopewa ni chache. Salamu ndefu za heshima tulizolelewa nazo zitazimaliza, kwa hiyo taja jina, sema una watoto wangapi shuleni, kisha ombi moja: «Ninaomba bajeti ya mwaka ujao ibakize nafasi ya mfanyakazi anayeziunganisha familia za Kiswahili na shule.» Eleza sababu kwa tukio moja lililotokea, kisha ukae. Bodi huenda isikujibu papo hapo, maana haizoei kujadiliana na mtoa maoni. Wazazi watano wenye ombi lilelile kwenye vikao viwili mfululizo wana nguvu kuliko mmoja aliyeongea vizuri sana.

Hatua ya 7: Piga kura, lakini soma kwanza aya hii

Raia mwenye miaka 18 anaweza kujiandikisha hata siku ya kura. Asiye raia ana habari tofauti hapa Winooski. Wapiga kura wa mji waliidhinisha mwaka 2020 kwamba wakazi wasio raia walioko nchini kihalali wapige kura za mji na za shule. Gavana Phil Scott aliipinga mwaka 2021, Bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake, na mwaka 2022 wakazi hao walipiga kura kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Vermont ilikubali mpango kama huo wa mji wa Montpelier. Kwa kuwa suala hili limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja, mwulize karani wa jiji kila msimu kama utaratibu bado ni uleule.

Orodha ya wasio raia huwekwa peke yake, na karatasi yao ina mambo ya mji na shule tu. Usijiandikishe kwenye orodha ya kawaida. Asiye raia akipiga kura ya rais, ya Bunge la Marekani au ya jimbo, hata kwa kutoelewa, anaweza kupoteza makazi yake. Fomu ya kuomba uraia huuliza habari za kujiandikisha na kupiga kura, kwa hiyo kabla ya kufanya lolote zungumza na mwanasheria wa uhamiaji, si na shemeji aliyepitia miaka ya nyuma.

Kwenye karatasi swali litataja kiasi ambacho bodi inaomba kutumia, matumizi kwa kila mwanafunzi, na asilimia yaliyopanda au kushuka. Tazama hiyo asilimia kuliko jumla.

Hatua ya 8: Bajeti ikikataliwa

Hutokea. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule za Vermont zilianguka, mwaka ambao wastani wa ankara za kodi ya elimu uliishia kupanda kwa asilimia 13.8. Bodi iliyokataliwa hupunguza na kurudi kwa wapiga kura, mara nyingi Aprili au Mei, na inaweza kurudi tena na tena. Julai ikifika bila bajeti, wilaya inaruhusiwa kukopa hadi asilimia 87 ya bajeti ya mwisho iliyopitishwa ili milango ifunguliwe. Asilimia 13 inayopungua ni walimu. Kura za marudio huvutia watu wachache, na kura chache huamua. Ndipo ujumbe wa WhatsApp wa kikundi cha kanisa au msikiti unapofanya kazi.

Mfumo wenyewe uko njiani kubadilika. Sheria ya 73, iliyosainiwa tarehe 1 Julai 2025, imepanga jimbo lianze kutoa kiasi maalumu kwa kila mwanafunzi kuanzia Julai 2028, masharti fulani yakitimia, na wilaya ndogo ziunganishwe kuwa kubwa. Ramani ya wilaya ni kazi ya Bunge. Anayetaka Winooski ibaki na bodi yake, au anayeona bora iunganishwe na majirani, ampigie mwakilishi wake wa Montpelier wakati Bunge linakaa, Januari hadi Mei.